Shangazi Hakutazama

Mtu wa kwanza kuliona tumbo langu hakuwa mama, wala sikuwa mimi mwenyewe. Alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwanamke ambaye macho yake yalifika kwa watu kabla ya miguu yake. Tulikuwa tunapalilia maharage katika shamba la baba, mlimani juu ya barabara iendayo Tunduma. Niliponyooka kupumzisha mgongo akanitazama kiunoni, akalitazama jembe lake, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Nikajua papo hapo kwamba kuna neno. Mtu yule hakuwa na desturi ya kumsifu Mungu bila sababu.

Nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kuposwa. Mchumba wangu alikuwa amekwenda kwenye migodi ya shaba, upande wa Rhodesia, kama walivyokwenda vijana wengi wa rika lake, na alikuwa huko tangu kabla ya mavuno ya ulezi ya mwaka uliotangulia. Hilo ndilo lililoniangamiza. Angekuwa nyumbani, watu wangecheka kidogo, wazee wangeharakisha harusi, mambo yakaisha. Lakini tumbo langu lilianza kukua wakati mwenye ruhusa ya kulikuza yuko mbali, anawachimbia Wazungu shaba chini ya ardhi. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza aliiweza.

Sikuwa nimelala na mwanamume yeyote. Nalisema hapa mwanzoni, waziwazi, kwa sababu nimelisema maisha yangu yote na sijaona bado uso wa mtu ukilipokea. Wewe unayesoma hunijui, shamba lako halipakani na letu, na hukusali kanisa moja na baba yangu. Huenda wewe ukaniamini.

Mama aliniamini. Alijua kwamba bado napata siku zangu, kwa kuwa mimi na yeye tulifua vitambaa vyetu mahali pamoja kijitoni, asubuhi, kabla watu hawajateremka kuteka maji. Miezi mingine damu ilikuja nyingi, na upande wa kushoto chini ya kitovu kulikuwa na uzito ambao haukuondoka hata nikilala. Yote hayo mama aliyajua. Lakini kwetu mama hamshuhudii binti yake. Watu husema mama ni mficha aibu ya mwanawe; hata akisema kweli tupu wanaitikia kwa heshima, "Ndiyo, mama," kisha wanamgeukia shangazi. Mwili wa binti husemewa na dada wa baba yake. Yeye akisema binti ni mzima, ni mzima, na hakuna mzee wa ukoo atakayeuliza mara ya pili. Yeye akinyamaza, umekwisha.

Shangazi yangu alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya kiume, na alijulikana hadi Mbozi Mission kuwa mtu asiyeweza uongo. Akipeleka kuku sokoni alimwambia mnunuzi kwamba huyu hatagi. Watoto tulimcheka kwa hilo, lakini tulimpenda, na mimi nadhani nilimpenda kuliko wenzangu. Ndiye aliyenifundisha kusuka ungo. Ndiye aliyenificha mgongoni kwake siku baba alipotaka kunichapa kwa kuvunja chungu cha maji.

Alipoitwa alikuja, akanilaza kwenye ngozi ndani ya chumba cha mama, akanibonyeza tumbo kwa muda mrefu huku amefumba macho.

"Kuna kitu," akasema.

"Kitu gani, shangazi?"

"Kitu. Kinateleza kikisukumwa." Akafumbua macho. "Mwanangu, niambie mimi peke yangu. Ni nani?"

"Hakuna."

Akanitazama. Sikuyakwepesha macho yangu, ingawa yalikuwa yamejaa machozi.

"Basi nitamwambia baba yako kwamba umesema hakuna," akasema.

Hebu sikia maneno hayo. Hakusema atamwambia kwamba hakuna. Alisema atamwambia kwamba nimesema hakuna. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kupima neno kabla ya kulitoa, na siku ile sikuona tofauti yake.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Wenzake walikuja nyumbani, wakakaa kwenye viti vyetu vizuri, wakaomba kwanza, kisha wakaniuliza swali lilelile: ni nani? Nikajibu hakuna. Mmoja wao, mpole kuliko wote, akaniambia, "Binti, lisemwalo lipo, kama halipo laja." Naichukia methali hiyo hadi leo. Aliyeitunga hakuwahi kusingiziwa. Nikatengwa na ushirika. Jumapili nikawa naketi benchi la nyuma karibu na mlango, pamoja na wake wa mitala na mlevi mmoja aliyekuwa akisinzia tangu sala ya kwanza. Baba naye akaambiwa aache kwanza kushika kazi ya uzee, maana asiyeweza kuitunza nyumba yake atalitunzaje kanisa. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliacha tu kuniita kwa jina. Akitaka kitu kutoka kwangu alimwambia mama, "Mwambie huyo."

Tukavuna maharage, mvua zikakatika, baridi ya milimani ikapita, nyasi za mashambani zikachomwa, tukapanda tena. Mtoto hakuja. Tumbo langu lilikuwa limetangulia mbele yangu kama mzigo niliofungiwa na mtu mwingine, lakini mikono na shingo vilikonda mpaka bangili zikawa zinadondoka zenyewe. Ungedhani watu wangejiuliza. Walijiuliza, ndiyo, wakapata jibu baya zaidi: mimba imefungwa. Sasa nilikuwa mzinzi na pia nimerogwa, au nimeroga, ilitegemea unazungumza na nani. Yule jirani wa ng'ambo ya kijito alikuwa na maoni yote mawili.

Siku moja asubuhi nilikuwa natwanga, nikainua mchi, na kitu ndani yangu kikajisokota. Sina neno jingine. Nilianguka juu ya kinu, nikatapika, nikalia kwa sauti ambayo mama alisema hakuitambua kuwa yangu. Baba alikuja mbio kutoka shambani. Aliponiona aliniita kwa jina, na katika maumivu yale yote nilisikia kwamba ameniita kwa jina.

Wanaume walinibeba kwa machela mpaka barabarani, tukapata lori lililokuwa limepakia magunia ya kahawa. Mama alitaka kupanda. Shangazi akamshika mkono akamrudisha, bila ukali, kwa sababu hiyo ilikuwa safari ya shangazi na wote wawili walijua. Mama akabaki kando ya barabara ameshika kitambaa changu cha kichwa. Nililazwa juu ya magunia, kichwa changu kwenye paja la shangazi, na kila shimo la barabara ile nalikumbuka.

Hospitali tuliyofikia ilikuwa ya misheni, mbali na kwetu, sitaitaja. Daktari wake alikuwa Mzungu wa makamo aliyesema Kiswahili taratibu, neno juu ya neno, kama mtu anayejenga ukuta. Aliposema nivue nguo nilikataa. Shangazi akaniambia, "Mficha uchi hazai," akanivua mwenyewe. Daktari akanigonga tumbo kwa vidole, akaweka sikio kwenye chombo chake, akasikiliza hapa, akasikiliza pale. Kisha akasimama.

"Hamna mtoto humu," akasema. "Hajawahi kuwamo."

Nililia mpaka sista akadhani maumivu yamezidi. Mwaka mzima nilikuwa nimengoja mtu aseme maneno hayo, na aliyeyasema alikuwa mgeni ambaye hakujua hata kwamba nilikuwa nayangoja.

Alitueleza vizuri. Alisema kila mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, kimoja kulia na kimoja kushoto. Changu cha kushoto kimeota mfuko wa maji, umekua polepole bila kelele mpaka umekuwa mkubwa kuliko boga, na sasa umejisokota kwenye shina lake, ndiyo maana naumia. Ugonjwa huu huwapata hata wasichana wadogo, akasema, hauna dhambi wala uchawi, na wa aina hii kwa kawaida hauui ukiondolewa. Atapasua, atautoa pamoja na kifuko changu cha kushoto. Cha kulia kikiwa kizima atakiacha, nami nitazaa.

Shangazi alisikiliza yote amekunja mikono. Akauliza jambo moja tu. "Kitakachotoka, kitakuwa na umbo gani?"

"Mfuko. Laini, wenye maji. Mama, wewe mwenyewe utakiona. Nitamwambia sista akuletee."

Sijui kama mtu aliyezoea kuaminiwa anaweza kuelewa furaha niliyoipata. Kupona kulikuwa jambo la pili. Jambo la kwanza lilikuwa kwamba shangazi yangu, mdomo wa ukoo, mwanamke asiyeweza uongo hata kwa kuku, atakiona kile kitu kwa macho yake, arudi nyumbani, asimame mbele ya baba na wazee na wanawake wote, aseme: nimekiona, ni maji. Basi. Nisingehitaji neno jingine maishani. Walinifunika pua na mdomo kwa kitambaa, wakadondosha dawa yenye harufu kali iliyochoma koo, nami nikazama usingizini nikiwa na furaha, naapa, kama bibi harusi.

Nilipozinduka mchana ulikuwa umeinama. Kinywa kilikuwa kikavu, tumbo linawaka moto, lakini lilikuwa tumbo langu la zamani. Niliuona ukingo wa kitanda upande wa pili wa miguu yangu. Shangazi alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta, kaniki yake imefika hadi kwenye nyusi.

"Ulikiona?" nikamwuliza.

"Walikileta," akasema.

"Ulikiona, shangazi?"

Ndipo akanieleza, kwa uaminifu wake wote, bila kuacha kitu. Sista alitoka mlangoni na beseni limefunikwa kitambaa cheupe, akamwita, mama njoo utazame. Shangazi akainuka. Akapiga hatua. Kisha akamkumbuka mke wa mwanawe, aliyekuwa amemwacha nyumbani karibu na kujifungua. Mkwewe yule alikuwa amekwisha kuzaa na kuzika, akazaa tena na kuzika tena. Na kwetu, aliyekitazama kilichotoka tumboni kikiwa kimekufa hairudii nyumba yenye mjamzito; kinamfuata machoni, kinaingia naye, kinamchukua mwenzake aliye tumboni. Kila mwanamke alijua hivyo, Wakristo na wasio Wakristo. Basi shangazi akavuta kaniki usoni, akageukia ukuta. Sista akafunua beseni, akamwambia, "Mama, ni maji tu, tazama, usiogope." Akadhani anaogopa damu. Akangoja, akachoka, akaondoka nalo. Mtumishi akakizika katika shimo lao nyuma ya hospitali na kumwagia chokaa.

"Lakini daktari alikuambia ni maji," nikasema.

"Aliniambia."

"Sasa uliogopa nini?"

"Mwanangu," akasema, na machozi yalikuwa yakimtoka, "ningejuaje kwamba ni maji kabla sijatazama?"

Nimelitafuta jibu la swali hilo tangu siku hiyo. Silipati.

Nilimwomba daktari alifukue shimo. Alinishika bega akacheka kwa wema, akasema nimepona, kifuko cha kulia ni kizima kabisa, kile kitu cha nini tena? Alikuwa mtu mwema na mikono yake ilikuwa mikono ya kweli. Aliniokoa nisife, na hakujua kwamba kilichobaki kuokolewa kilikuwa ndani ya beseni.

Tuliporudi nyumbani kidonda kilikuwa kimefunga. Mke wa mwanawe shangazi alikuwa amekwisha kujifungua binti, mzima, mwenye mapafu ya kupasua masikio. Ungemwuliza shangazi, angekuambia alifanya vyema kugeukia ukuta, na mtoto ndiye ushahidi wake. Nilimbeba mtoto yule kama watu wengine.

Wakakutana nyumbani kwetu: wanawake wa ukoo upande mmoja, wazee upande mwingine, baba katikati na uso wa mtu anayeomba. Kijana wa lori aliyetupeleka alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba hospitalini walisema ni uvimbe. Wakamwambia mambo ya ndani ya mwanamke hayasemwi na dereva. Wakamgeukia shangazi. Mke wa mjomba wa baba, aliyekuwa mkubwa wa wanawake wote, ndiye aliyeuliza.

"Kilitoka?"

"Kilitoka."

"Ulikiona?"

Nilimtazama. Nilimwita kwa macho yangu, kwa nguvu zangu zote. Neno moja tu, shangazi. Umekuwa mkweli maisha yako yote. Niazime uongo mmoja, ambao hata si uongo, kwa sababu kitu chenyewe ni kweli.

"Sikukiona," akasema. "Nilifunika uso."

"Kwa nini ulifunika uso?"

"Kwa ajili ya mkwe wangu. Alikuwa na tumbo."

Wanawake wakashusha pumzi wote kwa pamoja. Hawakuhitaji zaidi ya hapo. Mtu hafuniki uso mbele ya maji. Shangazi akaendelea kusema, maskini, akasema daktari alisema hivi na sista alisema vile, lakini alikuwa anamwaga maji juu ya majivu. Mama alisimama akatoka nje. Baba aliinamisha kichwa, na tangu siku ile akarudi kusema "mwambie huyo," mpaka alipokufa.

Watu wa mchumba wangu wakatuma mjumbe kuvunja uchumba. Hawakuwa wakali, walisema pole kwa ugonjwa. Mwenyewe alikuja likizo baadaye akiwa na baiskeli na blanketi zuri la migodini. Nilimwona akipita kwenye njia yetu. Aligeuza shingo kuelekea nyumba yetu, na nikainuka kibarazani, kisha akatazama mbele akakanyaga kwa nguvu zaidi. Kanisani niliambiwa mlango uko wazi siku nitakapotubu na kumtaja mwanamume. Nilikuwa tayari kutubu, Mungu ananijua, kwa uchovu tu ningetubu hata wizi wa ng'ombe. Lakini walitaka na jina, na mimi ningemtwika nani? Nikabaki karibu na mlango. Mlevi akafa, nikapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Miaka ikapita hivyo. Hatimaye nikaolewa na mjane mmoja wa Kinamwanga, karibu na Tunduma, mfanyabiashara wa chumvi na maharage aliyekuwa na watoto wakubwa na ndugu pande zote mbili za mpaka. Alinichukua kwa sababu hakuwa na haja ya kuchagua, nami vivyo hivyo. Hakuniuliza chochote, na kutouliza kwake nilikuchukua kama fadhila. Kifuko cha kulia kikafanya kazi yake, kama daktari alivyosema. Nikashika mimba. Ilicheza tumboni, ikapiga mateke, ikanipa kiungulia. Nikajua kwa mara ya kwanza jinsi mimba ilivyo, na jinsi ile nyingine isivyofanana nayo hata kidogo. Sikuwa na wa kumwambia.

Siku ya kujifungua ilipokaribia, mama mkwe wangu alituma watu kwetu wamlete shangazi. Alikuja, amezeeka, mikono yake ni ileile. Kwetu na kwao uzazi wa kwanza una heshima yake: wanawake hukusanyika mlangoni, mzazi hufungwa kitambaa kipya kiunoni, vigelegele hupigwa mpaka vijiji vya jirani vijue kwamba mtu amekuwa mama. Uzazi unaofuata haufanyiwi hivyo. Basi uchungu uliposhika, mama mkwe, ambaye alitaka tu kufanya mambo kwa utaratibu, akamwuliza shangazi juu ya kichwa changu.

"Huyu ni wa kwanza?"

Niliushika mkono wa shangazi. Nadhani niliuvunja. Nilitaka kusema, nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kilio cha uzazi.

"Wa pili," akasema shangazi, kwa sauti ya chini, kwa huzuni, kama mtu asiyeweza uongo.

Wanawake waliokuwa wamesimama mlangoni wakaenda zao kuendelea na kazi. Mwanangu akazaliwa mchana kweupe katika nyumba iliyonyamaza. Shangazi akamkata kitovu, akamfuta, akaniwekea kifuani. Kisha akanifuta jasho usoni kwa ncha ya kaniki yake, taratibu, kwa upendo wote aliokuwa nao kwangu tangu utotoni.

"Shukuru, mwanangu," akaninong'oneza. "Huyu amekuja vizuri. Si kama yule."